Shangazi, shule moja imemkataa, nyingine imemchukua, na mwanangu hasemi

*Shangazi, shikamoo. Binti yangu ana miaka 13 na anacheza dansi tangu akiwa na 6, baleti kwanza, siku hizi na dansi ya kisasa. Mwaka huu alifanya usaili katika shule mbili za bweni zinazofundisha dansi pamoja na masomo. Ile aliyoiota tangu mdogo wamemkataa kwa barua ya mistari mitatu. Ya pili wamemchukua, na wanataka jibu ndani ya wiki tatu. Baba yake anasema dansi si kazi, abaki shule ya kawaida kisha asomee ufundi unaoeleweka. Mwalimu wake wa dansi anasema akipoteza mwaka mmoja tu nyumbani, basi tena. Mwenyewe tangu barua ile ifike hasemi. Goti linamuuma akiruka, na ameniomba nisimwambie mwalimu. Tena mdogo wake wa miaka 9 juzi ameniuliza, "Mama, Jumamosi yangu mimi ni ipi?" Nifanye nini?*

*Mama aliye njia panda*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho langu linatua pale pale: hasemi. Umetaja shule, mume, mwalimu, goti, na hayo yote tutayafikia. Lakini tuanze na huyo mtoto aliyenyamaza.

Binti wa kaka yangu alikaa kwangu miaka yake ya usaili. Nilikuwa nakaa kwenye ngazi nje ya ukumbi, mfuko wa viatu mapajani, nikisikiliza piano ikianza na kukatika, ikianza na kukatika. Siku barua ya kukataliwa ilipofika hakulia. Alichukua mkasi mdogo wa kucha, akakaa ukingoni mwa kitanda, akaanza kufumua riboni za viatu vyake, mshono baada ya mshono. Riboni hizo alizishona mwenyewe, kwa uzi alioukunja mara mbili ili zisikatike. Mimi, kwa haraka zangu za kufariji, nikamwambia, "Usijali, shule ziko nyingi." Akanitazama, akainama, akaendelea kufumua. Ilinichukua muda kuelewa nilichomfanyia. Nilikuwa nimemwambia kwamba kinachomuuma si kitu.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza: siku tatu nne hizi, shule ya pili isitajwe kabisa nyumbani. Najua wiki tatu zinakimbia. Lakini mtoto ambaye hajamaliza kuililia shule ya kwanza hawezi kuichagua ya pili. Atakachofanya ni kuishika tu, kama mtu anayezama anavyoshika chochote. Kaa naye karibu mkifanya kazi ya mikono, kukunja nguo au kupanga kabati, maana watoto wa umri huo husema zaidi wasipotazamwa usoni. Muulize, "Kule ulikuwa ukijiona unafanya nini?" Halafu nyamaza. Atakachokujibu ndicho hasa alichokipoteza, na huenda kisiwe dansi. Huenda ni rafiki aliyechaguliwa. Huenda ni ile hali ya kuwa mahali ambapo hakuna anayemuuliza kwa nini anacheza.

Barua ya mistari mitatu haimwelezi mtoto chochote, kwa hiyo hilo pengo atalijaza mwenyewe, na atalijaza kwa ubaya. Umsaidie kujua wale wasaili hutazama nini. Kwenye baleti hutazama nyonga zinavyogeuka kuelekea nje, urefu wa miguu kwa kiwiliwili, upinde wa unyayo, sikio lake kwa muziki, na jinsi anavyoyapokea masahihisho. Mengi katika hayo mtu huzaliwa nayo, mazoezi hayayabadilishi sana. Isitoshe, ana miaka 13. Umri huu mifupa hurefuka haraka, misuli ikibaki nyuma. Mtoto aliyekuwa akisimama kwa mguu mmoja bila kutikisika anaanza kuyumba, aliyekuwa laini anakuwa mgumu, na mwenyewe anadhani amesahau kucheza. Hajasahau. Anakua, na wasaili wamemwona katikati ya kukua. Hili umwambie wazi, kwa sababu hakuna anayewaambia.

Sasa mwalimu. Simtilii shaka mapenzi yake kwa mtoto, amemlea miaka saba. Ila hilo la mwaka mmoja "basi tena" si kweli, na ni maneno mazito mno kumtwisha mtoto. Misty Copeland aliingia darasa lake la kwanza la baleti akiwa na miaka 13, umri huu huu wa binti yako, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kupandishwa kuwa mchezaji mkuu wa American Ballet Theatre, kundi kubwa la baleti la New York. Rudolf Nureyev, mmoja wa wacheza baleti mashuhuri kabisa duniani, alipokelewa katika shule ya baleti ya Leningrad, Urusi, mwaka 1955, akiwa na miaka 17. Sikutajii hawa ili umwambie mtoto kwamba naye atakuwa kama wao, hao ni wachache sana. Nawataja kwa sababu mlango uliowapitisha hauwezi kuwa umefungwa kwa mtoto mwenye miaka saba ya mazoezi. Na dansi ya kisasa, ambayo unasema siku hizi anaicheza, huwapokea vijana wakubwa zaidi, wengi wao wakianza mafunzo ya kutwa baada ya shule ya sekondari. Kwenye baleti umri unabana zaidi, sikatai. Lakini kubana si kufunga.

Baba yake naye usimfanye adui. Ana hofu, na hofu yake ina msingi. Maisha ya jukwaani ni mafupi: wengi huacha kabla ya kufika miaka 40, na hata Opera ya Paris, penye ajira ya uhakika kuliko karibu popote duniani, wacheza baleti hustaafu wakiwa na miaka 42. Wapo wanaoacha wakiwa na 19 kwa sababu ya kifundo cha mguu. Kwa hiyo anapouliza "kisha?", anauliza swali sahihi. Kosa lake ni kudhani kwamba jibu ni ama dansi ama ufundi. Dansi ni ufundi. Na ina majirani: kufundisha, kutunga dansi, kushona mavazi ya jukwaani, kupanga taa, kusimamia maonyesho, kutibu viungo. Karibu yote hayo yanadai cheti cha masomo ya kawaida, na hapo ndipo baba anapohitajika.

Mpe kazi. Yeye ndiye aipigie simu ile shule iliyomchukua na kuihoji kama anavyohoji fundi kabla ya kumkabidhi nyumba. Saa ngapi za darasa kwa wiki, saa ngapi za dansi? Wanafunzi hufanya mitihani gani ya kitaifa, na matokeo yakoje? Nani analala bwenini na watoto, na malalamiko hupelekwa kwa nani? Mwalimu akitaka kumshika mtoto ili kumrekebisha mkao, humwomba ruhusa kwanza? Yupo mtaalamu wa viungo, na mtoto anaweza kwenda kwake bila kupitia kwa mwalimu wa dansi? Je, watoto hupimwa uzito mbele ya wenzao? Likijibiwa ndiyo hili la mwisho, mimi ningekata simu.

Lakini lipo swali moja ambalo kwangu linazidi yote, nalo asilisahau. Shule nyingi za namna hii huwapima wanafunzi kila mwaka, na wasiofikia kiwango huondolewa. Basi aulize: mwaka jana mliwaondoa wangapi, mliwaambiaje, na leo wako wapi? Kila shule itakuonyesha picha za waliofaulu, zimetundikwa ukutani pale mapokezi. Shule inayoweza kukueleza bila kubabaika kwamba fulani alihamia dansi ya kisasa, mwingine amerudi masomoni na walimwandalia nafasi mapema, mwingine anasomea tiba ya viungo, hiyo inawaona watoto wote kama watoto. Ile itakayokujibu "sisi huangalia wenye kipaji tu" imekwisha kukuambia binti yako atakuwa nani kwao siku akivunjika mguu.

Mpwa wangu aliingia shule ambayo hatukuiuliza hilo. Mwaka wa pili walimwondoa wiki moja kabla ya likizo, naye akajua kwa kuona jina lake halipo kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni. Leo ana miaka 31, anafundisha dansi, na wanafunzi wake anawaambia mambo magumu uso kwa uso, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Lakini kile kipande cha karatasi mlangoni bado anakikumbuka mpaka pini zilizokishikilia, mbili za bluu na moja nyekundu.

Tuje kwenye goti. Hapa mwanangu nakwambia kwa ukali kidogo: siri hii si ya kutunza. Amekuomba kwa sababu anaogopa kutolewa darasani, ninamwelewa, lakini mzazi hawezi kuwa mshirika katika kuficha maumivu. Mwambie wewe kwanza kwamba utasema, na kwa nini, kisha useme. Mguse chini kidogo ya kilegesambwa, pale mfupa wa muundi unapoanza. Kama pana uvimbe mgumu unaouma ukiubonyeza, huenda ni hali inayowapata sana watoto wanaorukaruka wakiwa katika kurefuka. Kwa kawaida hupoa yenyewe akimaliza kukua, ila inadai apunguze kuruka kwa muda na aimarishe misuli ya paja. Lakini huenda si hiyo, na kubonyeza kwako si kipimo. Daktari aone.

Na ukiwa unamtazama goti, mtazame na sahani. Sikusoma popote kwamba ameanza kukwepa chakula, na Mungu aepushe, lakini mtoto aliyekataliwa baada ya mwili wake kukaguliwa anaweza kuamua kuuadhibu mwili huo. Anayecheza saa nyingi bila kula vya kutosha huanza kupungukiwa kimyakimya: uchovu, baridi, hasira za karibu, majeraha yasiyopona, mifupa kudhoofika. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hiyo jina pana la upungufu wa nishati kwa wanamichezo, na madaktari wa dansi wanaijua vizuri. Kwa msichana dalili kubwa ni hedhi. Kama alikwisha kuipata kisha ikakatika miezi mitatu, au akafika 15 bila kuiona, ni ya daktari. Isichukuliwe kuwa ndiyo kawaida ya wacheza dansi, hata kama kuna mwalimu atakayekuambia hivyo.

Umeniuliza ufanye nini, nami sitajificha nyuma ya "inategemea". Kama shule itajibu vizuri yale maswali, kama daktari ataridhika na goti, na kama mtoto, baada ya kuililia ile ya kwanza, atakuja mwenyewe aseme naitaka hii, basi mwacheni aende, na mkubaliane tangu sasa kwamba kila mwisho wa mwaka mtakaa wote watatu na kuulizana upya. Ajue kwamba kurudi nyumbani kunaruhusiwa, na kwamba hatalazimika kuugua kwanza ndipo arudishwe. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, mimi ningembakisha nyumbani mwaka mmoja: shule ya kawaida asubuhi, dansi jioni, na usaili mwingine mwakani. Nisingeipokea shule ya pili kama bandeji ya kidonda cha ya kwanza. Andikeni kesho kuomba wawaongezee wiki moja. Namna watakavyolipokea ombi hilo nayo ni jibu.

Yule mdogo wa miaka 9 amekuuliza swali zuri kuliko sisi sote. Miaka mingapi Jumamosi yake imeishia kwenye benchi la studio, akichezea kifuniko cha chupa akisubiri dada yake amalize? Jumamosi hii baba ampeleke mkubwa mazoezini, aingie ndani akae atazame darasa zima, kwa sababu nina hisia hajawahi. Wewe ondoka na mdogo, yeye ndiye achague mnakokwenda, na dansi isitajwe.

Goti lionwe kabla wiki hii haijaisha, hata akikuapia kwamba haliumi tena.

Shangazi yako