Tovuti iandikishwe kwa jina la nani?

SWALI: Mhariri, salamu. Nina kampuni ndogo ya utalii hapa Nyali, na siku hizi wageni wangu wengi wanatoka Guangzhou na Shenzhen. Wanalalamika kwamba tovuti yangu, ambayo seva yake (kompyuta inayoihifadhi) iko Ujerumani, haifunguki kwao ila kwa shida. Kijana mmoja wa Kichina tunayefahamiana ameahidi kuihamishia kwenye seva za China kwa jina lake, na wageni wawe wanamlipa yeye kwa WeChat, programu ya simu ya Kichina, kisha aniletee shilingi. Nikubali?
Msomaji, Nyali

JIBU: Dada yangu, usikubali, hata kama kijana huyo ni mwaminifu wa kupigiwa mfano.

Tovuti yoyote iliyowekwa kwenye seva za China bara lazima iandikishwe kwa Wizara ya Viwanda na Teknolojia ya Habari ya nchi hiyo kabla ya kufunguliwa kwa umma. Ukishuka hadi chini kabisa ya tovuti ya Kichina utaona maandishi madogo: herufi moja ya Kichina inayotaja jimbo, kisha herufi ICP, kisha tarakimu. Hiyo ndiyo namba ya usajili, na kampuni isiyo na leseni ya biashara ya China bara haiipati. Aliyeandikishwa ndiye anayetakiwa pia kumiliki jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti ambayo watu huiandika mtandaoni. Kwa hiyo kumwachia kijana usajili ni kumkabidhi lile jina ambalo wageni wamekuzoea kwalo, na siku mkikosana, au akirudi kwao, hutakuwa na karatasi ya kudai chochote.

Tena huenda tatizo lako si seva peke yake. Niliwahi kuketi na mfanyabiashara mmoja wa Biashara Street huku jamaa yake aliyekuwa Guangzhou akitutumia picha za simu yake: maandishi ya tovuti yalitokea pole pole, lakini palipokuwa na ramani pakabaki kisanduku cheupe. Ramani ilikuwa ya Google, ambayo imefungwa China bara, na ukurasa ulikuwa ukiisubiri bure. Mwambie fundi wako aondoe kila kinachotoka Google, zikiwemo aina za herufi (fonti) za maandishi, na video za YouTube pia, kisha uwaombe wageni wajaribu tena.

Ikibaki nzito, hamia seva ya Hong Kong, ambayo ni ya China lakini haihesabiwi kuwa China bara, na ambako usajili huo hauhitajiki. Alibaba Cloud na Tencent Cloud, kampuni za Kichina zinazokodisha seva, zote zina tovuti ya kimataifa ambayo kampuni ya Kenya hufungulia akaunti kwa jina lake na kulipa kwa kadi ya Visa au Mastercard. Kasi haitafikia ile ya seva iliyo ndani ya China bara, lakini itaizidi kwa mbali ya Ujerumani.

Kuhusu malipo ndiko ninakohofia zaidi. Fedha zikiingia kwenye akaunti binafsi ya mtu ni zake mbele ya kampuni ya malipo, na akaunti hiyo ikisimamishwa kwa sababu inafanya biashara, wewe huna sauti. Nenda benki yako, au kwa kampuni ya malipo yenye leseni, uulize kama wanaweza kukuandikisha kupokea malipo ya Alipay na WeChat Pay, huduma za Kichina za kulipa kwa simu, kwa jina la kampuni yako. Kwa njia hiyo mgeni hulipa yuan, fedha ya China, kwenye simu yake, nawe hulipwa kwa dola au shilingi.

Wala usimtumie kijana huyo nakala za pasipoti za wageni, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inakuwajibisha wewe uliyezipokea.

Ukifika benki, uliza makato kwa kila malipo, siku ambazo fedha huchukua kukufikia, na hasa namna ya kumrejeshea mgeni aliyeghairi safari, kwa sababu kati ya siku aliyolipa na siku ya kurejeshewa bei ya yuan huwa imeshabadilika, na ni lazima ijulikane mapema ni nani atakayebeba tofauti hiyo.