Usianze na kitanda: barua kwa binti yangu wa Tabora

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, mara ya pili mama yako akiwa ameketi pembeni yangu. Unasema umepata Hiace kuukuu hapo Tabora, ya dizeli, injini 5L, iliyobeba abiria miaka mingi kisha ikabeba mizigo. Unataka kuigeuza iwe gari la kulala, ili ukienda Sikonge na Kaliua kununua asali usilazimike kurudi mjini kila jioni kutafuta nyumba ya wageni. Ukauliza: "Baba, nianze na kitanda au nianze na umeme? Na zile sponji za magodoro nizibandike ukutani zizuie joto?"

Usianze na chochote kati ya hivyo. Anza na sakafu. Na sponji ya godoro usiibandike popote ndani ya gari hilo.

Unaikumbuka Hiace yetu nyeupe, ile niliyoinunua wewe ukiwa chuoni? Niliinunua kwa mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi. Nilikuwa nimeshajenga maboti zaidi ya miaka thelathini wakati huo, na hakuna boti hata moja niliyoipiga rangi kabla sijakagua kila ubao kwa ndani. Lakini gari nililiona ni kitu kingine. Nilikuwa na haraka ya kumpeleka mama yako kwa dada yake Tabora, apumzike njiani bila kubanana kwenye basi. Nikasafisha sakafu kwa sabuni, nikaipigilia plaiwudi ya milimita 9, nikatandika kapeti la plastiki, nikatengeneza kitanda cha mninga kilichong'aa mpaka majirani wakaja kukitazama. Miezi minane baadaye mama yako akasema sakafu inanuka na inabonyea akikanyaga upande wa mlango. Nilipong'oa plaiwudi nikakuta bati limeliwa, tundu la kupitisha ngumi, na ukingo mzima wa nyuma ya tairi la kushoto unamomonyoka kama mkate mkavu. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi. Chumvi ilitoka kwa samaki, ikachuruzika miaka na miaka kwenye mikunjo ya bati, nami nikaifunika na unyevu wake juu. Kitanda kile ilibidi nikivunje ili fundi wa kuchomelea apate pa kuingilia. Nilihuzunika sana, kwa sababu kazi ile nilikuwa naijua, na sikuifanya.

Kwa hiyo kabla hujalipa, muulize mwenye gari lilibeba nini. Kwenu huko ikiwa ni chumvi ya Uvinza au samaki wa kukaushwa, ongeza macho mara mbili. Omba gari lipandishwe, ulale chini na tochi na bisibisi. Choma vizingiti vya milango, choma yale matao juu ya matairi, choma pale shokomzoba zinaposhikia, choma kuzunguka kishikio cha tairi la akiba. Bati zima linakataa na linalia. Bati bovu linakubali bisibisi kimya kimya. Kutu ya juu juu isikutishe, inatibika. Lakini ukikuta chesisi yenyewe inabonyea, ondoka, hata wakikupunguzia bei nusu.

Ukishalinunua, toa kila kitu: viti, kapeti, mbao za kuta, dari. Osha kwa maji mengi na uliache milango wazi juani siku mbili tatu. Palipotoboka, fundi bodi akate mpaka afike kwenye chuma cheupe, kisha achomelee bati jipya. Hapo simama naye mwanangu, usiende sokoni. Mafundi wengi watakuambia tundu linazibwa na puti. Puti ni ya kusawazisha uso tu. Ikiachwa peke yake juu ya tundu inanyonya unyevu, na mvua za mwaka mmoja zinatosha kuiangusha. Palipo na kutu isiyotoboa, piga brashi ya waya na msasa, futa vumbi, paka praima ya kuzuia kutu mikono miwili, ndipo rangi. Chini ya gari unaweza kumalizia na rangi ya lami, ila iwe juu ya chuma kikavu kilichosafishwa. Lami juu ya kutu yenye maji inayafungia maji humo humo.

Mle ndani ya vizingiti ambamo mkono haufiki, mwaga grisi iliyoyeyushwa au nta ya magari mpaka ichuruzike. Nikuambie kwa nini naiamini grisi. Meli ya Liemba unayoijua ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuja kuunganishwa upya hapa Kigoma, ikashushwa majini 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaizamisha wenyewe isiangukie mikononi mwa adui, lakini mitambo yake waliipaka grisi nzito kwanza. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 mitambo ile ilikuwa bado inafaa, na 1927 meli ikarudi kazini kwa jina hili la Liemba. Miaka minane chini ya ziwa! Kila nilipopita bandarini kijana nikijifunza kazi, fundi wangu alinionyesha meli ile akanikumbusha habari hiyo.

Jambo moja zaidi kabla sijatoka kwenye kutu. Chini ya milango na vizingiti kuna vitundu vidogo vya kutolea maji. Watu huviziba wakidhani ni kasoro. Vizibue kwa waya, na viache wazi.

Sasa jaribio la maji. Boti jipya tulikuwa tunalijaza maji likiwa bado nchi kavu, tunazunguka nje kuangalia panapotoa jasho, hapo ndipo tunaongeza kalafati. Kwa gari geuza: wewe kaa ndani na tochi, milango imefungwa, mtu mwingine amwage maji kwa mpira juu ya paa na madirisha, robo saa nzima. Hiace za abiria zina madirisha mengi, na raba zake zikizeeka hukakamaa na kupasuka. Panapovuja, badilisha raba. Silikoni juu ya raba iliyokufa ni kazi ya wiki mbili tatu. Rudia mpaka usione hata tone.

Ndipo tuje kwenye joto. Sponji ya godoro ina matundu yaliyo wazi, inakunywa maji. Ukilala ndani, pumzi yako ni mvuke, na Juni na Julai usiku wa Tabora ni wa baridi kuliko huku ziwani. Mvuke utagusa bati baridi na kugeuka maji nyuma ya sponji, mahali usipopaona. Tumia ile karatasi ya povu yenye foili ambayo watu huweka chini ya mabati ya nyumba. Povu lake limefunga, halinyonyi. Ibandike barabara kwenye bati lenyewe, pasibaki nafasi ya hewa nyuma yake, anza na paa maana jua la Septemba na Oktoba huko linapiga juu. Kisha toboa tundu la hewa paani lenye kofia ya kuzuia mvua, na dirisha moja la upande wa pili liwe linafunguka, hewa ipite. Yote mawili yawekee wavu mwembamba. Wewe utalala na ndoo za asali, nyuki watakuja alfajiri kabla hujaamka.

Kuhusu uzito nataka unisikilize sana. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, lakini ikijaa asali inafika kama kilo 28. Ndoo kumi ni kilo 280, sawa na abiria wanne, na hao hawashuki njiani. Ongeza betri, ongeza lita 40 za maji, ongeza wewe na msaidizi wako. Kwa hiyo samani zako ziwe nyepesi. Najua huko mninga na mkurungu ni karibu na wewe, na najua moyo wangu mwenyewe unavyopenda mninga, lakini kwenye gari weka fremu ya paini na plaiwudi nyembamba. Mninga uwe ukingo tu pale mkono unaposhika. Ndoo zipange mbele ya ekseli ya nyuma au juu yake, pande zote mbili sawa, na zifungwe mikanda. Zikikaa nyuma kabisa ya ekseli, usukani unakuwa mwepesi na gari linayumba. Siku ukimaliza, lipeleke kwenye mizani likiwa limejaa, ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye kadi ya gari.

Kitanda hakina maneno mengi. Kilaze kwa urefu wa gari, na kimo chake kipime kwa ndoo yako: ndoo na mfuniko wake, ongeza vidole vinne. Usipigilie msumari hata mmoja. Kila kitu kishikwe kwa skrubu na bolti, ili mwaka ujao uweze kukitoa chote kwa siku moja na kuangalia sakafu. Ningekuwa nimefanya hivyo, kile kitanda changu kingekuwa bado kipo.

Umeme wako ni mdogo, mshukuru Mungu asali haitaki friji. Nimekupigia hesabu: taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne ni wati-saa 40, feni ya wati 15 kwa saa nane ni 120, simu mbili weka 30. Jumla wati-saa 190 kwa usiku. Gawanya kwa volti 12, ni kama ampea-saa 16. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu yake, la sivyo inakufa mapema; nusu hiyo inakupa siku tatu bila jua. Paneli ya sola ya wati 100 na chaji kontrola yake zinakutosha. Betri hii isichanganywe na ile ya kuwashia injini bila rilei ya kuzitenganisha, usije ukaamka katikati ya msitu gari haliwaki.

Na fyuzi. Fundi mmoja alinifungia waya kutoka kwenye betri hadi taa za nyuma, akaupitisha kwenye tundu la bati bila raba na bila fyuzi. Usiku mmoja njia ya Kasulu, waya ukasuguliwa mpaka ukabaki shaba tupu, gari likajaa moshi, mama yako akiwa amelala nyuma. Niliung'oa ule waya kwa mkono mtupu na kovu unalijua. Weka fyuzi shibiri moja kutoka kwenye nguzo ya chanya, si mbali zaidi, na kila tundu la bati lipate raba yake. Betri ya maji iwe ndani ya boksi lenye bomba la kutoa hewa nje, kwa sababu ikichajiwa inatoa gesi inayoshika moto.

Kupika, pika nje, chini ya mlango wa nyuma ulioinuliwa. Mtungi mdogo wa gesi ukae kwenye kabati lililotobolewa chini, kwa maana gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni ulipolala. Jiko la mkaa haliingii ndani ya gari. Hata mvua inyeshe, hata baridi iwe kali, hata ukiona makaa yamebaki majivu. Hewa yake haina harufu wala rangi, na anayelala haamki. Hapa sikushauri kama fundi, nakuomba kama baba yako, na umwambie msaidizi wako hivyo hivyo.

Injini mpelekee fundi unayemwamini, mimi si mtaalamu wake. Ninachojua ni kwamba 5L ina mkanda wa taimingi, hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika unaharibu valvu. Namba za dashibodi ya gari kuukuu usizitegemee. Badilisha mkanda mara tu ulinunuapo. Tairi soma zile tarakimu nne pembeni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Na kwa kuwa kadi inataja idadi ya viti na rangi, pita TRA na kwa watu wa bima kabla hujatoa viti, sio baada.

Mama yako anakusalimu, mguu wake unaendelea vizuri. Nimempa kondakta wa basi la kesho asubuhi boksi lako. Mna brashi mbili za waya, bisibisi yangu ndefu, tochi ya kichwani na kopo la grisi. Ukishang'oa kapeti, usiguse chochote kwanza. Piga picha za sakafu unitumie, uanze na upande wa kushoto nyuma ya tairi.

Ni mimi baba yako.