Ibrahimu kuvunja sanamu: si Mwanzo

Je, kisa cha Ibrahimu kuvunja sanamu za baba yake kimo kwenye kitabu cha Mwanzo katika Biblia? Hapana, hakimo, hata ukisoma sura ya 11 na 12 neno kwa neno. Kimo Bereshit Rabba, mkusanyo wa mafafanuzi ya marabi, yaani walimu wa dini ya Kiyahudi. Tera, baba yake Ibrahimu, anauza sanamu, anamwachia mwanawe duka. Mama mmoja analeta sahani ya unga kuwatolea miungu. Ibrahimu anashika rungu, anazivunja zote isipokuwa kubwa, analipachika rungu mkononi mwa hiyo kubwa na kumwambia baba yake eti zimegombania nani ale kwanza!

Kitabu cha Yubilei, andiko la Kiyahudi la karne ya 2 KK, kina toleo la zamani zaidi: Ibrahimu alichoma nyumba ya sanamu usiku, nduguye Harani akafia motoni akiziokoa. Waandishi hao hawakuokota kisa hewani. Mwanzo 11:28 inasema Harani alikufa baba yake angali hai, bila kueleza sababu, na Yoshua 24:2 inasema Tera aliabudu miungu mingine.

Ila Waislamu wanacho kisa hiki kwenye Kurani yenyewe, Surat Al-Anbiyaa, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanaihesabu Yubilei kuwa sehemu ya Biblia yao.