Kompaila ya bure kwa anayeanza C: majibu kwa wasomaji wa Tanga

Chuoni tunatumia Turbo C. Na nyumbani niweke hiyo hiyo? (Mwanafunzi, Chumbageni)

Hapana, weka kompaila ya GCC (kompaila ni programu inayogeuza msimbo ulioandika kwa lugha ya C uwe programu inayoendeshwa). Turbo C, nayo kompaila, ilitoka mwaka 1987 kwa ajili ya DOS, mfumo endeshi wa zamani. Windows ya biti 64 haiwezi kuendesha programu za biti 16, ndiyo maana chuoni mnaipitishia kwenye DOSBox, programu inayoiga DOS. Hilo linavumilika, tabu hasa iko kwenye namba. Humo `int`, aina ya kigeu cha kuhifadhi namba nzima, ni ya biti 16 na kikomo chake ni 32,767. Andika programu ya kuuza machungwa ya Muheza, weka bei ya gunia 40,000 ndani ya `int`, na skrini itakuonyesha -25536. Utakesha ukisaka kosa kwenye hesabu, kumbe hesabu iko sawa. Kwa GCC kwenye kompyuta za leo `int` ni biti 32, inafika 2,147,483,647.

GCC nayo ni ya 1987, ila yenyewe inatunzwa hadi leo na ni ya bure. Kazi za chuo ziandikie humo humo: acha `conio.h` na `clrscr()` (vitu vya zama za DOS), tumia `int main(void)`, na vigeu vyote vitangaze mwanzoni mwa fanksheni. Hapo Turbo C nayo kwa kawaida itazipokea.

Nina laptop ya Windows na bando langu ni dogo. Nipakue nini? (Ngamiani)

Code::Blocks, programu ya kuandikia na kukompaili C, lakini soma jina la faili kabla ya kubonyeza: liwe na neno `mingw`. Hilo ndilo lililobeba GCC ndani yake. Lisilo na neno hilo ni jepesi, na wengi hulichukua kwa sababu hiyo. Ukishaliweka utaambiwa kompaila haionekani, na bando limekwenda bure. Lenye `mingw` linazidi MB 100, kwa hiyo mmoja alipakue na wenzake walibebe kwa flashi. Kuliweka hakuhitaji intaneti.

Mwenye Ubuntu (aina ya Linux) amerahisishiwa, aandike kwenye terminal: `sudo apt install build-essential`, basi.

Sina kompyuta, nina simu ya Android tu. (Pongwe)

Inatosha kujifunzia. Weka Termux, app ya kuandikia amri, kutoka F-Droid, duka la app za bure, kisha andika `pkg install clang`. Clang ni kompaila nyingine ya bure, na maelezo yake ya makosa yanasomeka vizuri. Angalizo moja: usifanyie kazi kwenye folda ya Download. Android hairuhusu programu kuendeshwa kutoka huko, utakataliwa hata kama umekompaili sawasawa. Andika `cd`, bonyeza enta, urudi kwenye folda ya nyumbani ya Termux.

Programu yangu inampa punguzo kila mteja, hata wa gunia moja, na kompaila haikulalamika. (Muheza)

Mstari uliotutumia ni huu:

`if (magunia = 10)`

Alama moja ya `=` haiulizi, inaweka. Magunia yanageuka 10 hapo hapo, na kwa C chochote kisicho sifuri ni kweli, basi kila mteja anapita. Unataka `==`. GCC ilinyamaza kwa sababu hukuiambia iseme. Kompaili hivi siku zote:

`gcc -Wall -Wextra duka.c -o duka`

Sasa itakuonya na kukutajia mstari wenyewe. Tunasisitiza hili kuliko hata uchaguzi wa kompaila: mwanafunzi anayeanza bila `-Wall` ananyimwa mwalimu aliyekaa naye bure. Kwenye Code::Blocks, fungua Settings, kisha Compiler, utie tiki kwenye `-Wall`.

Nimeletewa makosa 23 kwa mpigo. Nianzie wapi?

La kwanza juu kabisa. Rekebisha hilo peke yake, kompaili tena. Mengi ya chini ni watoto wake. Na ukielekezwa mstari wa 8 ukauona mzima, angalia mwisho wa mstari wa 7: mara nyingi nuktamkato imesahaulika hapo.