Maswali na Majibu: Kahawa, makopo na pumzi ya kipindi cha pili

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ninywe nini ili nikimbie zaidi? Hakuna hata mmoja aliyeuliza alale saa ngapi. Haya, tuanze na mnachokitaka.

*Mwalimu, kahawa kabla ya mpira ni nzuri au ni mbaya? (Mchezaji, Langoni)*

Swali hili hunijia kila msimu wa ligi, na kila mara huja likiwa tupu: halina uzito wa mwulizaji, halina saa ya mechi, wala halisemi kama mtu ni mnywaji wa kila siku au huonja harusini tu. Nitalijibu kwa urefu leo, na atakayelileta tena hivyo hivyo asinilaumu nikinyamaza.

Kafeini, yaani kichocheo kilichomo kwenye kahawa, inasaidia. Mwaka 1978 kundi la David Costill huko Marekani liliwapima waendesha baiskeli. Walipokunywa kahawa yenye miligramu 330 za kafeini saa moja kabla, walikanyaga kama dakika 90 ndipo wakaishiwa nguvu. Kwa kahawa isiyo na kafeini walifika dakika 75. Siku hizo ilidhaniwa kwamba siri ni mwili kuchoma mafuta zaidi. Baadaye macho yakahamia kwenye ubongo. Unapokuwa macho na kufanya kazi, ubongo hujikusanyia kemikali iitwayo adenosini, ambayo ndiyo inayokupa taarifa kwamba umechoka. Kafeini huwahi nafasi zake, kama abiria aliyekalia kiti chako kwenye boti ya Mokowe. Adenosini haikuondoka, iko gatini inangoja. Kafeini ikishateremka, uchovu wote hupanda kwa mkupuo.

Kipimo kilichozoeleka kwa wanamichezo ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, kama saa moja kabla ya kuanza. Wengine huona tofauti hata kwa 2. Ukifika 9 hupati nguvu za ziada, unapata mikono inayotetemeka na moyo unaodunda. Mtu wa kilo 60, basi, aanzie kwenye 180. Kikombe cha mililita 240 cha kahawa ya kuchuja kina kama miligramu 95, na cha chai kina kama nusu ya hapo. Ama kahawa chungu yetu ya dele, finjani ni ndogo na kila muuzaji ana mkono wake: huyu huchemsha mpaka iwe nzito kama lami, yule huongeza maji wateja wakizidi. Kwa hiyo usiniandikie kwamba ulikunywa "finjani tatu pale Mkunguni" ukadhani umenipa kipimo.

Faida yenyewe, katika michezo ya pumzi ndefu, ni kama asilimia 2 hadi 4. Kwa mkimbiaji wa kimataifa hiyo ni medali. Kwa mchezaji anayekuja mazoezini mara moja kwa wiki, kuna mengi ya kurekebisha kabla ya kufikiria kahawa. Na ijaribuni siku ya mazoezi. Kila mwaka yupo winga anayeionja kwa mara ya kwanza siku ya fainali, halafu kabla ya mapumziko anauliza choo kiko wapi.

*Nikinywa vikombe kumi, nitakimbia mara mbili? (Hakutaja jina, na alifanya vyema)*

Utakimbia, lakini si kuelekea golini.

*Mwanangu ana miaka 14, acheza mpira shuleni. Wenzake hunywa makopo ya kuongeza nguvu kabla ya mechi na sasa naye ataka. Yana dhara? (Mama, Mkomani)*

Mama, usimnunulie. Ukipenda kuishia hapa, ishia hapa.

Sababu ni hizi. Shirika la usalama wa chakula la Ulaya linakadiria kwamba mtoto asizidishe miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo kwa siku nzima. Kijana wa kilo 40 ana nafasi ya 120 tu, na humo imo chai ya asubuhi na soda ya mchana. Kopo dogo la Red Bull la mililita 250 lina 80. Makopo ya nusu lita yenye ukali huo huo yana 160, na mtoto halinywi nusu akaliweka. Lina sukari pia, ambayo mara nyingi inapita gramu 50 katika kopo hilo moja, na hicho ndicho kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asikipite kwa siku. Mwaka 2011 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitamka kwamba vinywaji hivi havina nafasi katika lishe ya watoto na vijana. Sikuona tangu hapo sababu ya kubishana nao.

Sasa nitasema ambalo hukuniuliza. Duka lililo karibu na lango la shule linapanga makopo hayo mbele, usawa wa macho ya mtoto, na maji yako nyuma chini. Kocha analiona, mwalimu wa zamu analiona, na wengine wao ndio wanaotuma watoto wakawaletee. Mtoto anayehitaji kopo ili akimbie saa tisa alasiri hakula mchana, au alikesha na simu. Mpe ndizi na maji, na simu ilale chumbani kwako.

*Je, kahawa iliyotolewa kafeini inasaidia michezoni? (Mkimbiaji, Malindi)*

Ukijua kwamba haina, la. Usipojua, huenda. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza waliwapa waendesha baiskeli vidonge bandia na kuwadanganya juu ya kiasi cha kafeini kilichomo. Walioambiwa wamepewa nyingi walikanyaga kwa nguvu kuliko walioambiwa wamepewa kidogo, na walioambiwa hamna kitu walishuka. Wengi wenu mnaonisimulia maajabu ya kopo fulani, naomba msome aya hii mara ya pili.

*Salaam aleikum mwalimu. Ligi yetu ya Ramadhani huanza baada ya tarawehe. Tukishafuturu twanywa kahawa mpaka karibu na mechi. Kwa nini twaamka daku na vichwa vizito? (Beki, Langoni)*

Waaleikum salaam. Hili ni swali la mtu mwenye kufikiri.

Kafeini huchukua kama saa tano kupungua nusu yake mwilini, kwa wengine zaidi. Finjani ya saa mbili usiku, nusu yake bado inakuamrisha ukae macho saa saba. Utafiti mmoja wa mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 400 zilizonywewa saa sita kabla ya kulala ziliwapunguzia watu zaidi ya saa nzima ya usingizi. Wewe hunywi saa sita kabla, wanywa saa mbili au tatu kabla, na usingizi wenyewe unakatwa na daku. Unabaki na nini? Kisha kesho yake wafuturu kwa uchovu, na wanywa zaidi ili ucheze. Kufikia kumi la mwisho timu nzima ina macho mekundu, na wala si kwa ibada.

Ama kichwa cha siku za mwanzo za mfungo, mara nyingi hicho ni kafeini inayodai. Mnywaji wa kila siku akiikosa, kichwa huanza kumuuma baada ya saa 12 hadi 24, na hali hiyo yaweza kuendelea hadi siku tisa. Dawa yake huanza Shaabani: punguza kikombe kimoja kila baada ya siku chache. Msimu wenyewe ukifika, kunywa kidogo tu mara baada ya kufuturu, au usinywe kabisa, na badala yake kunywa maji ya kutosha kabla ya filimbi. Mechi za usiku huamuliwa na maji kuliko kahawa.

Na nyinyi waandaaji, mechi ya tatu inaanza karibu na saa sita usiku na watoto wa shule wamo kikosini. Hamna haya?

*Mbona kahawa yaruhusiwa na miraa yakatazwa kwa wanariadha, na zote ni majani na mbegu za Mungu? (Mkereketwa wa riadha, Lamu mjini)*

Hata tumbaku ni jani la Mungu.

Kafeini nayo iliwahi kudhibitiwa. Kuanzia mwaka 1984 Kamati ya Olimpiki ya Kimataifa ilimhesabu mtu kuwa amevunja sheria kafeini kwenye mkojo wake ilipopita kiwango maalumu, ambacho baadaye kilikuwa mikrogramu 12 kwa mililita. Ikaondolewa kwenye orodha tarehe 1 Januari 2004, ingawa shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli bado linaifuatilia. Miraa na muguka zina kathinoni na kathini, ambazo ni za jamii ya amfetamini, na zote mbili zimo katika orodha ya yaliyopigwa marufuku siku ya mashindano (kathini kwa kuzidi kiwango maalumu). Tangu 2016 Kenya ina sheria yake na shirika lake la kupima, ADAK. Ukikutwa, kusema kwamba ulikuwa unatafuna tu na wenzako barazani hakutakuokoa.

Linalonitisha zaidi ni tabia ya kutafuna muguka na kuiteremsha kwa kopo la kuongeza nguvu, kisha kuingia uwanjani. Ni vichocheo viwili vinavyopandisha mapigo ya moyo na presha kwa pamoja, juani, kwa kijana ambaye hajala kwa sababu muguka umemwondolea njaa. Hapo sitoi kipimo. Acheni.

*Vijana wangu wa mashindano ya mashua hunywa kahawa alfajiri. Naambiwa kahawa hukausha mwili. Niwakataze? (Nahodha, Matondoni)*

Usiwakataze, nahodha. Kwa aliyeizoea, vikombe viwili vitatu havikaushi mwili. Maji yaliyomo kwenye kahawa hubaki kuwa maji. Kinachokausha ni jua na chumvi, na wale wanaokaa juu ya ubao nje ya chombo kukisawazisha hutoka jasho wasilolihisi kwa sababu ya upepo. Mtungi wa maji uwemo chomboni. Na anayeshika usukani asizidishe, mkono ukitetemeka chombo chajua.

*Nakimbia kila asubuhi kwenda Shela na kurudi. Natumia vidonge vya kupanga uzazi. Kahawa yanigusa sana kuliko mwenzangu, ni mawazo yangu? (Dada, Mkomani)*

Si mawazo, dada. Vidonge hivyo vyaweza kuchelewesha kafeini kutoka mwilini kwa takriban mara mbili. Nusu ya kikombe cha mwenzako yakutosha, na siku ukiwa mjamzito usipite miligramu 200 kwa siku. Mwenzako kama anavuta sigara, yeye huimaliza upesi kuliko kawaida, basi msilinganishe.

*Rafiki wa jimu ameniletea kafeini tupu, unga mweupe, rahisi kuliko makopo. Nichanganye kiasi gani? (Kijana, Malindi)*

Usichanganye. Mwaka 2015 wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha Northumbria, Uingereza, walikuwa kwenye jaribio la kafeini na mazoezi. Kipimo kilipaswa kuwa gramu 0.3. Nukta ikakosewa kwenye hesabu za simu, wakapewa gramu 30. Walilazwa wakasafishwa damu kwa mashine, na chuo kikatozwa faini ya pauni 400,000. Hiyo ilikuwa maabara, ina mizani. Wewe una kijiko cha chai. Gramu 10 hutosha kumwua mtu mzima, na kijiko kimoja cha unga huo, kwa hesabu ya mamlaka ya dawa ya Marekani, ni sawa na vikombe 28 vya kahawa. Mrudishie rafiki yako unga wake, au umwage.

*Nina presha na nimeanza mazoezi ya kutembea. Ninywe kahawa kabla? (Mzee, Langoni)*

Shikamoo, mzee. Uzito wako siujui, dawa zako sizijui, na kafeini hupandisha presha kwa saa kadhaa hata kwa mwenye afya. Nenda hospitali ya King Fahd upimwe, ukawaoneshe dawa unazotumia, wao ndio wakuambie. Kutembea endelea, asubuhi kabla jua halijakaza.