Mpapai dume ukipigwa msumari unazaa kweli?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Mi niko Urambo, Tabora. Nilikula papai moja tamu balaa nikatunza mbegu nikapanda, sasa nina mipapai 14 ila 5 inatoa maua yananing'inia kwenye vikonyo virefu, hayashiki tunda. Jirani anasema nipige msumari, mwingine kasema nikate kichwa, mama mkwe yeye anasema nilikosea mbegu, eti zinazozama ndo jike. Nifuate lipi?

JIBU: Marahaba, mwangaluka huko Urambo.

Msumari haubadilishi kitu. Jinsia ya mpapai imo kwenye mbegu tangu inatungwa, kama ya mtoto tu. Sasa mbona kila kijiji kuna mtu anaapa wa kwake ulizaa? Huyo hadanganyi, maana mpapai dume hali ya hewa ikibadilika unaweza kutoa vipapai viwili vitatu kwenye ncha ya vile vikonyo bila kuguswa na mtu, sasa we umepiga msumari mwezi wa tatu, mwezi wa sita unaona kipapai, sifa zote kabeba msumari. Ile iliyopigwa ikakaa kimya ilishafyekwa, nani anaikumbuka. Mzee wangu aligongelea wake misumari miwili ya bati, utomvu ukashuka kama maziwa mpaka chini, baadae pale pakaoza na upepo wa mvua za kwanza ukauangusha juu ya banda la kuku.

Kukata kichwa utapata matawi tu, na matawi ya dume ni madume.

Mama mkwe yuko nusu sahihi (usimwambie nimesema mimi). Mbegu zinazoelea nyingi ni tupu, hazioti vizuri, kwahiyo kuzitoa ni sawa, ila kuzama hakukwambii jike wala dume.

Kabla hujashika panga, chuma ua ulipasue kwa ukucha. La dume ni jembamba kama mrija, ndani kuna chavua ya njano, hakuna kitumbo. La jike ni nene, limekaa karibu kabisa na shina na ndani utaona kitu kama kipapai kidogo cha kijani. Alafu kuna mpapai wa tatu, ua moja lina jinsia zote mbili, huo ndo unazaa yale mapapai marefu marefu, ya jike huwa ya mviringo.

Jike likichavushwa na dume, mbegu zake ni nusu kwa nusu, kwahiyo madume 5 kati ya 14 wala huna mkosi. Kosa ni kupanda mche mmoja kwa shimo. Panda mitatu, subiri itoe maua, kama miezi 4 hadi 6 hivi, ubakize jike mmoja. Hapo shimo la madume matupu unaweza kulikuta moja katika 8.

Kwa sasa kata madume 4, mmoja uache, maana majike yakikosa chavua maua yanapukutika na utakuja kunilaumu mimi. Kwenye yale mashimo 4 panda upya mvua zikianza Novemba, ila pakituama maji inua tuta kwanza, mizizi ya mpapai ikikaa ndani ya maji siku 2 imekwisha.