Mlingoti wa mkonge na wageni wake wa usiku

SWALI: Shikamoo mama. Mkonge wa uani kwetu umetoa mlingoti uliopita paa la nyumba. Tangu maua yafunguke, kila jioni popo wanakuja. Jirani ananihimiza niukate kabla hawajatuletea balaa. Nifanyeje?
Msomaji, Himo

JIBU: Marahaba mwanangu. Weka panga chini, nakuomba.

Mkonge huchanua mara moja tu maishani, kisha hufa. Sukari uliyoilimbikiza miaka yote hiyo ndiyo sasa unaimwaga mauani. Asubuhi utawaona nyuki na ndege aina ya chozi wakihangaikia mabaki.

Asili yake ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, na humo ndimo mashamba yetu yalimotoka. Kule kwao, katika jangwa la Sonora, ndugu zake wa jamii ya agave huchavushwa na popo wadogo wenye ulimi mrefu. Majike hupanda kaskazini hadi Arizona, Marekani, kuzaa, wakifuata maua ya kaktasi. Wakirudi kusini hushika njia ya maua ya agave. Sasa, wakulima wa agave ya kutengenezea tequila, pombe ya Meksiko, hukata mlingoti mapema ili sukari ibaki shinani, na popo hukosa chakula. Baadhi yao wamekubali kuacha 5% ya mimea ichanue. Mwaka 2018 Marekani ilimwondoa popo huyo kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Habari ile ilinifurahisha siku nzima.

Popo wako ni wengine, wala matunda, wenye sura ya mbwa. Hao ndio huchavusha mibuyu unayoiona njia ya Same. Ua la mbuyu hufunguka magharibi, kesho yake limenyauka. Niliwahi kukaa chini ya mbuyu mmoja hadi saa tatu usiku. Nilisikia mbawa, kisha chavua ikaniangukia kwenye kanga. Sijaisahau harufu ile.

Kuhusu balaa: usiwashike, funika pipa la maji, na embe lililomegwa usile. Inatosha.

Mbegu usizitarajie, mkonge huu hutoa kwa nadra sana. Maua yakipukutika, mlingoti utajaa vitoto vya kijani. Vikianza kudondoka, viokote upande upya pale shina litakapokufa. Viwili niwekee, ua wangu hapa Arusha una pengo upande wa barabarani.